Mkono wa kushoto wa Ruete: namna ya kuandika filamu ya mapenzi ya jumbani

Mimi ni mshonaji. Nimewashonea watu wa filamu hapa Unguja miaka ishirini na kitu, na kwa kuwa fundi nguo hukaa pembeni akaona yote, siku hizi vijana hunijia na skripti kabla hawajanijia na vipimo. "Shikamoo mama, tunataka marinda na barakoa, tunapiga filamu ya Bibi Salme." Marahaba. Kaeni kitako, nisomeeni kwanza.

Wanasoma. Binti wa Sultani kampenda Mjerumani Ruete, kaka mtu kashika upanga, wawili wanakimbia usiku wa mbalamwezi, muziki juu, mwisho. Hapo huwa natia kahawa ya pili, maana kazi ndiyo kwanza inaanza. Nimechoka kuyarudia yale yale, ndiyo maana leo nayaandika.

Kabla ya kuandika hata sini moja, ijueni hadithi yenyewe. Seyyida Salme alizaliwa Bet il-Mtoni, jumba la kifalme nje ya mji wa Unguja, mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa msuria Mcherkasi, mtu wa milima ya Kaukazi, aliyetekwa akiwa mtoto. Seyyid Said alifia baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Maskati. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua Jilfidan, na mwaka ule ule Barghash, kaka yake Salme, akala njama ya kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani. Salme, mwenye miaka kumi na tano, ndiye aliyekuwa akiandika barua za wale wala njama. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme akapatana na Majid, na kwa kupatana huko ndugu wa upande wa Barghash wakamnunia. Kwa hiyo yule binti anayempenda jirani Mzungu ni yatima wa baba na mama, na nusu ya nduguze hawamsemeshi. Skripti nyingi zinamwonyesha amezungukwa na wasichana wenzake wanaocheka. Ondoeni hao wasichana. Mwacheni peke yake dirishani.

Rudolph Heinrich Ruete alikuwa mfanyabiashara wa Hamburg, na nyumba yake mjini ilipakana na ya Salme. Kwa hiyo hawakukutana msituni wala sokoni wala kwenye farasi aliyekimbia na mtu mgongoni. Walikuwa majirani, paa kwa paa.

Na hawakukimbia pamoja. Hili nalisisitiza kwa sababu kila kijana analikosea, na kulikosea ni kujinyima sini nzuri kuliko zote. Agosti 1866 Salme alipanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, akiwa na mimba, akapelekwa Aden. Ruete alibaki Unguja akimaliza mambo yake ya biashara. Bibi akakaa Aden miezi, kwa mume na mke wa Kihispania aliowajua tangu Unguja, akazaa huko huko mwezi wa Desemba, akangoja. Ruete alipofika, tarehe 30 Mei 1867, Salme akabatizwa kwa jina la Emily na siku ile ile wakaoana. Mtoto wao yule wa kwanza alifariki safarini, Ufaransa, kabla hawajafika Hamburg. Basi niambieni, mwenye hadithi hii mkononi anakwenda kutafuta upanga wa nini?

Sasa tuje kwenye kazi.

Chagueni mwaka, kisha mwaka huo uwe bwana wenu. Tuseme ni 1866. Beit al-Ajaib haipo, Barghash aliijenga mwaka 1883. Nimewahi kuwa kwenye seti moja, ya nani sisemi, ambapo Salme anatoroka na nyuma yake Beit al-Ajaib imesimama na saa yake juu. Nilinyamaza, nikajiambia mimi fundi nguo tu. Nilikosea. Bet il-Sahel, jumba la mjini alilolijua Salme, nayo ilipigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita visivyofika saa moja, kwa hiyo lile jumba la makumbusho la Forodhani ni la baadaye. Likiwa wazi, ingieni mkatazame chumba chenye vitu vyake, lakini msilipige picha kwa nje mkasema ndilo. Ngome Kongwe ilikuwepo. Magofu ya Mtoni nayo yapo. Ngazi yoyote ya nyumba ya zamani yenye ukuta mnene wa mawe na chokaa itawafaa kuliko jumba zima lenye nyaya za umeme.

Nguo ni eneo langu, mnisamehe nikikaa hapo kidogo. Buibui mwaka 1866 halikuwa limeingia. Kanga kama tunayoijua, yenye pindo na maneno, nayo ilikuja baadaye. Vijakazi walivaa merikani na kaniki, vitambaa vya kawaida vya pamba, basi. Bibi wa jumbani alivaa kanzu na marinda (ile suruali ya chini ya kanzu), ushungi kichwani, na akitoka alijifunika shele, mtandio mkubwa wa hariri. Barakoa haihusiani na ile tuliyofungwa wakati wa Korona: ni kipande kigumu kilichodariziwa, chenye kijiti kinachopita juu ya pua, na mwigizaji akikivaa mara ya kwanza hutembea kama aliyevaa kofia ya pikipiki. Mpeni wiki nzima avae nyumbani akipika. Ile picha maarufu ya Salme amevaa kiarabu, ambayo kila mtu hunionyesha kwenye simu na kusema "kama hii hii, mama", ilipigwa studio Hamburg. Ni mwanamke wa Hamburg amevalia kumbukumbu zake. Kwa sini ya Hamburg iigeni nukta kwa nukta. Kwa sini ya Unguja punguzeni mapambo, mtu haendi kuchungulia dirishani na dhahabu yote ya sandukuni.

Miguuni wekeni mtalawanda, vile viatu vya mti. Sauti yake kwenye sakafu ya mawe inawapa muziki wa bure, na inawaambia watazamaji nani anakuja kabla mlango haujafunguliwa. Mpenzi wa jumbani lazima ajue kutofautisha hatua za watu. Na mgeni wa Kizungu, yeye anaingia na buti. Msiweke mtu wa kumkemea. Pigeni picha viatu vilivyopangwa mlangoni, halafu buti zinapita juu ya mkeka. Inatosha.

Tatizo kubwa la skripti hizi ni kwamba zinadhani pale pana tamaduni mbili tu, ya Kiarabu na ya Kizungu, zinatazamana kama timu za mpira. Jumba lenyewe lilikuwa soko. Salme mwenyewe anaeleza katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, kwamba mbele ya baba yao kilisemwa Kiarabu tu, lakini akishageuza mgongo ungesikia Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi, vyote nyumba moja. Watoto wa mama wa Kihabeshi waliwaita wenzao wa mama wa Kicherkasi "paka", kwa ajili ya macho ya buluu. Bi Azza, mke wa ndoa, binti wa ukoo wa kifalme wa Oman, asiye na mtoto, alitaka kila mtu amwite Seyyida. Na masuria, hata yule anayependwa vipi, hawakukaa kula pamoja na Seyyid Said. Watoto wao walikaa. Mama yuko chumba kingine.

Hebu fikirieni hapo. Mtoto wa miaka minane anakula na baba yake na mama yake hayupo, na hakuna anayeona ajabu. Mkiionyesha hiyo mapema, dakika ya tano, watazamaji wataelewa baadaye kwa nini meza ya Hamburg, mume na mke na watoto wamekaa pamoja, inamvuta na kumtisha kwa wakati mmoja. Msiieleze. Wekeni sinia, wekeni mlango.

Na kama mnataka mapenzi yaliyoshindwa na tamaduni hata ndani ya Uislamu, nendeni Kidichi. Yale mabafu ya Kiajemi yalijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Seyyid Said aliyetoka nyumba ya wafalme wa Iran, Shahrazad, ambaye Salme anamwita Schesade. Ukutani wamechora ndege na maua kwa chokaa, mambo ambayo Muibadhi wa Oman, mfuasi wa madhehebu ya Kiislamu ya Ibadhi, asingejiwekea nyumbani kwake. Bibi huyu alipanda farasi hadharani, akaenda kuwinda na wapanda farasi wake wa Kiajemi, na nguo zake zilishonewa lulu za kweli. Mtumwa akifagia akaokota lulu iliyoanguka, bibi hakuitaka tena. Mwisho Seyyid Said akampa talaka, akarudi kwao. Mimi ningekuwa na pesa ningeitengeneza filamu ya huyu kwanza, na ningeianzia kwa ufagio. Lakini pesa sina, na nyie hamtaki, mnamtaka Salme.

Tuendelee basi. Andikeni sheria kabla ya hisia. Mwanamume wa Kiislamu anaweza kumwoa Mkristo, mwanamke wa Kiislamu hawezi kuolewa na Mkristo. Kaka zake Salme walizaliwa na mama wa kila rangi, hakuna aliyeshtuka. Kilichokuwa msiba ni mwelekeo wa ndoa, na mimba kabla ya ndoa. Mwandishi asiyelijua hili humtia Majid maneno ya ubaguzi wa rangi mdomoni, "hatutaki weupe hapa", na nyumba nzima imejaa watoto wa Wacherkasi! Majid mwandikeni kama mtu mpole aliyekwishamsamehe dada yake mara moja, juzi juzi, na sasa hana namna ya kumsamehe mara ya pili mbele za watu. Hapo mwigizaji ana kitu cha kushika.

Sasa naja kwenye sini niliyoshindania. Dairekta alitaka wabusiane juu ya paa. Nikamwambia, mwanangu, Salme mwenyewe kakuachia sini bora zaidi. Anasimulia kwamba paa la Ruete lilikuwa chini ya madirisha yake, na kwamba Ruete alifanya karamu za wanaume makusudi ili amwonyeshe Wazungu wanavyokula. Mwanamume anaita wageni, anawasha taa, anakula chakula chake chote akijua anatazamwa. Kuna posa gani kuliko hiyo? Nilikaa na kalamu, nikamwandikia hivi, maneno ni yangu:

NDANI. GHOROFANI KWA SALME. USIKU.

Giza. Mwanga unatoka chini tu, wa taa za paa la jirani. Salme na KIJAKAZI wake wamekaa sakafuni chini ya dirisha, macho usawa wa kizingiti. Vicheko vya wanaume.

KIJAKAZI: Bibi, wanagombana?

SALME: Hawagombani. Ndivyo wanavyocheka.

KIJAKAZI: Na vile vyuma?

SALME: Vya kulia.

Kimya. Uma unapanda mdomoni kwa Ruete.

KIJAKAZI: Astaghfirullah. Anakula kwa kushoto.

Salme anautazama mkono wake wa kushoto. Anauingiza ndani ya shele.

SALME: Wa kulia una kisu. Angefanyaje?

Basi. Angalieni lile jibu la mwisho. Hajasema anampenda, hajapumua kwa nguvu, hakuna violini. Amemtafutia udhuru. Kwetu mtu akianza kukutafutia udhuru mbele ya watumishi, keshakupenda, na kijakazi ndiye wa kwanza kujua. Dairekta aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Mama, busu tuliweke wapi?" Nikamwambia aliweke popote pale ambapo mimi sijashona nguo.

Mkono ule wa kushoto msiutumie mara moja mkautupa. Urudisheni tena Hamburg. Meza ya wakwe, kitambaa cheupe, Emily amewekewa uma kushoto. Umri wake wote mkono ule ulikuwa wa chooni, haujawahi kugusa chakula. Watu wanasubiri. Anaushika uma, mkono unatetemeka. Upande wa pili wa meza Ruete anaweka kisu chake chini, bila haraka, anahamishia uma mkono wa kulia, anaendelea kula. Mama mkwe anamtazama mwanawe. Hakuna anayesema neno. Hii nayo nimeitunga mimi, lakini imetoka kwenye ile karamu ya paa, na mtazamaji aliyeiona ya kwanza hahitaji kuelezwa ya pili.

Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Hii ni bahati kwetu ambayo watengeneza filamu wa Ujerumani hawana. Kule Hamburg, katikati ya Kijerumani ambacho mwanzo Emily hakielewi, Kiswahili ndicho chumba chao cha kulala. Kijerumani cha mezani msikitafsiri chini ya picha katika dakika zile za mwanzo, watazamaji wa Unguja na Mombasa wapotee pamoja naye. Halafu Ruete aseme kwa sauti ndogo, "Wanauliza kama unasikia baridi," ukumbi mzima utapumua.

Kwenye kuitana kuweni wakali. Kijakazi anasema "Bibi". Salme kwa Majid anasema "Seyyid" mbele ya watu na "kaka yangu" wakiwa wawili, na akighafilika akachanganya, hiyo peke yake ni sini. Ruete mwanzo aseme "Bibi Salme" na "tafadhali" na "samahani", Kiswahili cha mtu aliyejifunzia dukani, chenye adabu nyingi na nahau chache. Siku atakayosema "Salme" tupu iwe tukio, hesabuni kurasa. Nimeona skripti ambapo ukurasa wa tatu anamwita "mpenzi wangu wa moyo". Huyo ni mtu wa taarabu ya juzi.

Barua zinawezekana, lakini elezeni zilivyowezekana. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akiziiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Tafuteni mfupa. Nendeni kwa wachinjaji mwachukue wa ng'ombe, mchemshe, mwanike juani siku tatu nne. Hicho ni kifaa cha seti cha bei ya chai na andazi, na kina hadithi nzima ndani yake: njama ya 1859, na kila barua aliyoiandika baada yake.

Usiku wa kutoroka, sahauni farasi. Ilikuwa siku za Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili, na wanawake huteremka pwani kuoga. Siku hizi Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni Julai, lakini mwaka wa Waswahili una siku 365 bila nyongeza, hivyo husogea siku moja kila miaka minne. Wakati wa Salme ilikuwa mwisho wa Agosti. Pwani imejaa wanawake, vicheko, maji ya giza, mashua moja inangoja. Kati ya wote wanaoingia baharini, mmoja hatoki. Wekeni kamera ufukweni, isiende naye. Ihesabu wanaorudi.

Na wale walioshika taa? Jumba lile lilisimama juu ya watumwa na karafuu. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Filamu ya mapenzi ambayo maji ya kuoga yanajileta yenyewe mimi siishonei. Jilfidan hakuchagua kuja, na kijakazi wa sini yangu hakuchagua kukaa chini ya dirisha. Bibi akishapanda mashua, kesho yake asubuhi nani anaulizwa? Wekeni hata dakika mbili za asubuhi hiyo.

Mwisho wa mapenzi yenyewe ni mfupi. Agosti 1870 Ruete alianguka akishuka kwenye tramu ya farasi Hamburg, ikamkanyaga, akafariki baada ya siku chache. Mdogo wa watoto wao watatu waliobaki alikuwa hajatimiza miezi minne. Ndoa haikufika miaka minne. Wengi hukatia hapo kwa kilio. Mimi ningebaki mezani: viti, uma, na mwanamke anayewafundisha watoto wake kula kwa mkono ambao yeye mwenyewe bado unamsuta.

Mambo madogo ya siku ya kupiga. Adhana mwaka 1866 haikuwa na spika, kwa hiyo rekodini sauti baina ya sala na sala, na mzee wa mtaa aombwe ruhusa kabla, kwa heshima, na mtu mwenye kofia. Taa ziwe chini, za mafuta, nyuso ziangazwe nusu. Majani ya mkarafuu yavunjwe vunjwe mbele ya waigizaji, kamera hainusi lakini wao wananusa.

Na marinda yatiwe kigwe, si lastiki. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikatia lastiki, nikasema nani ataona. Bibi wa jumbani akainama kuokota lulu, kanzu ikapanda, lastiki nyeupe ya dukani ikang'aa skrini nzima, na ukumbi ulikuwa umejaa.